Mwanao Akipata Leseni, Wewe Ndiwe Mwalimu Aliyebaki

Kila mwaka mitihani ya kidato cha nne ikishamalizika, hapa Nakuru huingia msimu ambao haumo katika kalenda. Ni msimu wa vijana wa miaka 18 na 19 kujifunza kuendesha gari. Wanangoja matokeo, wanangoja vyuo, nao wazazi hawataki wakae bure nyumbani. Basi hupelekwa katika shule za udereva, na asubuhi utawaona ndani ya magari yenye herufi L, wakienda mwendo wa kobe huku matatu iliyo nyuma ikipiga honi bila kupumzika.

Baada ya miezi miwili au mitatu, mzazi huja kwenye zahanati yangu kwa jambo jingine, labda presha au kikohozi. Tukishamaliza, akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango, hugeuka na kuuliza: "Daktari, huyu kijana wangu amepata leseni. Waonaje, nimwachie gari?"

Swali hilo ndilo somo letu la juma hili. Jibu langu kwa ufupi ni hili: mwachie, lakini si leo, wala si kwa mara moja. Leseni yasema kwamba mtoto aliweza kuendesha gari mtahini akiwa kando yake. Haisemi kwamba ataweza kuendesha saa tatu usiku, mvua ikinyesha, rafiki zake watatu wakicheka kwenye kiti cha nyuma. Kati ya mambo hayo mawili kuna pengo, na wa kuliziba ni mzazi.

KWA NINI DAKTARI AINGILIE MAMBO YA USUKANI?

Huenda ukauliza daktari ametokea wapi katika mambo ya gia na breki. Nimetokea wodini. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29 duniani. Hapa Kenya, tangu mwaka 2021, watu zaidi ya 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kabisa ni la watu wanaokwenda kwa miguu. Hiyo ni hesabu ya waliokufa tu. Waliokatika miguu, waliovunjika uti wa mgongo na walioumia ubongo hawamo.

Sisi wa Nakuru tuna sababu ya ziada. Mji wetu, ambao ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, umekaa juu ya barabara kuu itokayo Mombasa na Nairobi kuelekea Eldoret na Uganda. Trela za mizigo, matangi ya mafuta na mabasi ya usiku hupita mlangoni mwetu saa zote. Kijana wa mji mwingine huweza kujifunza miezi mingi bila kukutana na trela. Wetu hukutana nayo akitoka tu kununua maziwa.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku katika hospitali moja ya eneo hili, tuliletewa vijana watano waliokuwa ndani ya gari moja. Dereva alikuwa na miaka 19 na leseni ya majuma saba. Hakuwa amelewa. Wala hakuwa akienda kasi ya ajabu. Mvua ilikuwa inanyesha, na hiyo ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kuendesha gari usiku katika mvua. Yeye alikuwa amefunga mkanda, akatoka na mkono uliovunjika. Mwenzake wa kiti cha nyuma hakuwa amefunga. Huyo hatukuweza kumwokoa.

Baba ya dereva alifika akiwa amevaa kandambili na koti juu ya nguo za kulalia. Aliniuliza swali ambalo halijanitoka hadi leo: "Lakini alipita mtihani, daktari. Si alipita?" Alikuwa amepita.

UBONGO HAUJAFUNGA HESABU

Tuanze na mwili wenyewe. Mtoto wa miaka 18 aweza kuwa mrefu kumshinda babake, na macho yake na miguu yake ikawa myepesi kuliko yetu. Lakini sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Hiyo ndiyo sehemu inayopima hatari, inayozuia pupa, inayosema "ngoja kwanza". Sehemu zinazotafuta msisimko na sifa za wenzake huwa zimekwisha kuamka zamani. Ni sawa na gari ambalo injini yake imefungwa mpya, breki zikiwa bado ziko kwa fundi.

Ndiyo maana kijana yule yule huendesha kwa namna mbili. Akiwa na mamake, huenda taratibu. Akiwa na rika lake, mguu huwa mzito. Utafiti uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba hatari ya dereva kijana huongezeka akibeba vijana wenzake, na hupungua akiwa na mtu mzima kando. Usimwite mwongo wala mnafiki. Ni ubongo wake ulivyo kwa sasa.

Jambo la pili ni macho. Dereva mgeni hutazama karibu na boneti na husahau vioo. Dereva mzoefu hutazama mbali, kisha kushoto, kisha kioo, kisha mbali tena. Huona mpira ukivuka barabara na papo hapo anajua kwamba mtoto anaufuata. Ujuzi huo haupatikani kwa kukariri alama za barabarani wala kwa kusukuma vigari vya kuchezea juu ya ule ubao wa mji unaotumiwa katika mtihani. Hupatikana kwa saa nyingi barabarani.

UCHUNGUZI KABLA YA UFUNGUO

Kabla ya kumpa gari, mpe nafasi ya kupimwa. Mambo manne yanatosha.

Kwanza, macho. Vijana wengi huanza kushindwa kuona mbali wakiwa shule ya upili, na hawasemi kwa sababu hawajui kwamba wenzao wanaona vizuri zaidi. Huko Uingereza, dereva hutakiwa aweze kusoma nambari ya gari akiwa umbali wa mita 20. Mjaribu mwanao hapo nje ya lango: hatua ndefu 20, jua likiwaka. Akikunja uso au akikisia, mpeleke kwa mtaalamu wa macho. Akiandikiwa miwani, avae kila aendeshapo, hata kama ni kwenda dukani tu.

Pili, magonjwa ya kuzimia. Kijana mwenye kifafa, au aliyewahi kuanguka na kupoteza fahamu bila sababu kujulikana, asishike usukani mpaka daktari wake amwambie kwamba sasa ni salama. Mwenye kisukari anayejidunga insulini ajifunze kupima sukari kabla ya safari na kuweka kitu kitamu mahali anapoweza kukifikia. Wazazi wengine huficha habari za kifafa kwa kuona aibu. Aibu hiyo yaweza kuua watu ambao hata hawamjui mtoto wako.

Tatu, dawa. Dawa nyingi za mafua na mwasho, kama vile Piriton, huleta usingizi. Muulize mwenye duka la dawa. Na kuhusu miraa na muguka, wapo wanaodhani vinamfaa dereva kwa sababu vinamweka macho. Huficha uchovu, haviuondoi. Uchovu hurudi ghafula, nao haubishi hodi.

Nne, usingizi wenyewe. Kijana wa rika hili huhitaji saa 7 hadi 9 za kulala. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo huendesha vibaya kama mtu aliyekunywa pombe ya kutosha kumtia hatiani katika nchi nyingi. Basi kijana aliyekesha akitazama mpira au akiandika ujumbe kwenye simu asipewe gari asubuhi, hata kama hakuonja tone.

SAA HAMSINI ZA KANDO

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Sheria yetu hairuhusu kuendesha gari kabla ya miaka 18, na mafunzo ya mwanzo ni kazi ya shule ya udereva iliyo na kibali cha NTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kwa hiyo simwambii mtu ampe mtoto wa miaka 15 gari "ajaribu kidogo". Nizungumzialo ni la baada ya leseni kutoka.

Nchi nyingine zimekwisha kulitazama jambo hili. Mwaka 1993 Sweden iliruhusu vijana waanze mazoezi wakiwa na miaka 16, badala ya 17 na nusu, lakini leseni ikabaki ya miaka 18. Waliotumia nafasi hiyo walifikisha karibu saa 120 za mazoezi, nyingi wakiwa na wazazi wao, na walipopata leseni walipata ajali chache kuliko wenzao waliofanya saa zisizofika 50. Katika jimbo la Victoria, Australia, kijana wa chini ya miaka 21 hutakiwa kufikisha saa 120 zilizoandikwa daftarini kabla ya mtihani, 20 kati yake zikiwa za usiku.

Sisi hatuna desturi hiyo. Mimi huwaomba wazazi angalau saa 50. Usishtuke. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma, ni kama saa 10 kwa mwezi. Ukianza Februari, kufikia mwisho wa Juni umemaliza, na hata chuo kikuu hakijafunguliwa. Safari zenyewe ni zile zile za kawaida: kanisani au msikitini, sokoni, kumfuata nyanya, kumpeleka mdogo wake shuleni. Tofauti ni kwamba kijana ndiye anayeendesha na wewe umekaa kushoto. Chukua daftari la kurasa 32, uandike tarehe, njia mliyopita na muda.

Zigawe saa hizo katika ngazi nne.

Ngazi ya kwanza, saa 10: mtaani, mchana, barabara ikiwa kavu. Jumapili asubuhi mitaa kama Milimani na Section 58 huwa imetulia. Afanye kurudi nyuma, kuegesha, kugeuza, kusimama pole. Kama shuleni alifunzwa gari la klachi na nyumbani kuna otomatiki, anza upya kana kwamba hajui kitu. Mguu wa kushoto uwekwe kando usifanye kazi yoyote, na wa kulia ndio ubonyeze mafuta na breki. Madereva wageni wameingia ukutani kwa kuchanganya hizo mbili.

Ngazi ya pili, saa 10: katikati ya mji. Mpeleke Kenyatta Avenue, kwenye raundabauti na karibu na steji za matatu. Huko atakutana na tuktuk inayogeuka bila ishara, bodaboda inayopita upande usiotarajiwa, na mama mwenye mzigo kichwani asiyeweza kugeuza shingo. Mwambie aseme kwa sauti kila anachokiona: "Matatu imesimama, mtu aweza kutokea mbele yake. Bodaboda kulia. Taa inageuka nyekundu." Zoezi hili humfundisha kutazama, na wewe hukujulisha kile ambacho hakukiona.

Ngazi ya tatu, saa 15: barabara za pembeni, kama ya kwenda Njoro, Kabarak au Bahati. Huko ajifunze ng'ombe, mikokoteni ya punda, matuta yasiyo na alama, na wanafunzi wanaotembea kando ya lami. Ajifunze pia mvua. Mvua ya masika ikianza, usikimbilie kuchukua usukani wako. Huo ndio wakati wa kukaa naye. Yule kijana wa majuma saba angekuwa na saa tano tu za mvua akiwa na babake kando, huenda usiku ule ungekuwa usiku wa kawaida.

Ngazi ya nne, saa 15: barabara kuu. Kwanza mchana hadi Gilgil na kurudi. Kisha magharibi, mpaka Salgaa na kupanda kwenda Mau Summit. Mwisho kabisa, usiku, na usiku uanze na safari fupi ndani ya mji.

Akiwa barabara kuu mfundishe hesabu moja. Gari likienda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kufikiri na kubonyeza breki huchukua kama sekunde moja na nusu, yaani mita 21, na gari lenyewe huhitaji mita 14 nyingine kusimama kwenye lami kavu. Jumla mita 35. Akienda 100 atahitaji karibu mita 97. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali wa kusimama umekaribia mara tatu. Gari la mbele likipita mti au nguzo, ahesabu polepole moja, mbili, tatu kabla yeye hajafika hapo. Katika mvua, ahesabu hadi sita.

SOMO LA MTEREMKO

Anayefunza kijana Bonde la Ufa hawezi kuliruka somo hili. Barabara ya kutoka Mau Summit kushuka Sachangwan hadi Salgaa imeua watu wengi. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana hapo Migaa na watu 36 wakafa. Baadaye njia za kupanda na za kushuka katika sehemu hiyo zilitenganishwa kwa kizuizi cha zege. Kizuizi husaidia magari yasikutane uso kwa uso, lakini hakipunguzi mteremko.

Mweleze kijana sababu, usimtishe tu. Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huleta moto. Dereva akikanyaga breki muda mrefu akishuka, zinapata moto mpaka zinashindwa kushika. Dawa yake ni kupunguza mwendo kabla ya mteremko kuanza na kuingiza gia ndogo, ili injini yenyewe ilizuie gari. Katika otomatiki, zipo nafasi za gia ndogo ambazo madereva wengi hawajazigusa tangu wanunue gari. Mwonyeshe zilipo mkiwa nyumbani, msingoje mfike kilimani. Na kamwe asitoe gia ili gari lijiteremkie kuokoa petroli. Petroli atakayookoa haitoshi kununua hata soda.

Ajue pia kwamba lori lililo nyuma yake laweza kuwa ndilo lililokosa breki. Tarehe 30 Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori lililokosa mwelekeo liliingia katika magari na wafanyabiashara waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Kwa hiyo asisimame chini ya mteremko kununua viazi na karoti, hata zikiwa rahisi namna gani. Apite, atafute mahali pa wazi palipo mbali na lami.

MDOMO WA MZAZI

Sasa nije kwangu. Binti yangu alipopata leseni nilijiona mtu wa kufaa kumfunza. Mimi ni daktari, nimezoea watu wanaovuja damu. Nitashindwaje na msichana mmoja na Toyota kuukuu? Siku ya nne tulikuwa tukiingia barabara kuu kutoka upande wa Njoro. Gari likazima. Nyuma palikuwa na lori, na dereva wake akapiga honi. Nami nikapiga kelele kuliko honi. Nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa.

Aliliwasha gari, akalitoa barabarani, akasimama mahali salama, akazima. Yote aliyafanya sawasawa. Kisha akaniambia bila kunitazama: "Baba, ukipiga kelele siioni barabara."

Nilijishika mkono nikapima mapigo ya moyo. Yalikuwa 128.

Alichosema mtoto yule ni elimu ya tiba. Mtu akishtuka, mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo hukimbia, misuli hukaza, na macho huona njia nyembamba kana kwamba mtu anachungulia ndani ya bomba. Kwa anayekimbia simba, hiyo ni msaada. Kwa anayehitaji kuona vioo vitatu na bodaboda mbili, ni balaa. Mzazi apigaye kelele humfunga mwanafunzi wake macho pale hasa anapoyahitaji.

Tangu siku hiyo tuliwekeana kanuni. Nikiona hatari nasema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida: "Breki," au "Kushoto," au "Ngoja." Maelezo ni baada ya kusimama. Tukifika nyumbani, yeye ndiye husema kwanza alichokosea, nami nasema jambo moja alilofanya vizuri kabla ya kutaja kosa. Na yeyote kati yetu akiwa na hasira, mazoezi hayafanyiki. Kama una presha ya juu na unajua moyo wako hauwezi, hakuna aibu kumwomba mwenzio au shangazi mtulivu akae mahali pako. Mwenye kukaa hapo awe na leseni, akili timamu na ulimi mfupi.

Kuna mwalimu mwingine ambaye hupigi kelele lakini husikika zaidi, naye ni mfano wako. Mtoto amekaa nyuma yako miaka kumi na minane akikutazama. Kama wewe hujibu simu ukiendesha, kama hufunga mkanda pale tu unapomwona polisi, kama Jumamosi jioni hutoka kula nyama Kikopey ukarudi na chupa mbili tumboni, hilo ndilo somo alilokwisha kufuzu. Anza kwa kujirekebisha.

MASHARTI YA UFUNGUO

Saa 50 zikitimia, mpe ufunguo pamoja na masharti. Yaandike, muweke sahihi wote wawili, mbandike kwenye mlango wa friji. Kwa miezi sita ya kwanza akiwa peke yake:

1. Mkanda kwa kila mtu, hata wa nyuma, au gari haliondoki. Mkanda hupunguza karibu kwa nusu hatari ya kufa kwa waliokaa mbele. Na wa nyuma asiyefunga hugeuka kuwa mzigo unaorushwa juu ya wenzake.

2. Simu izimwe sauti na iwekwe mbali na mkono. Anayetumia simu akiendesha hukaribia ajali mara nne zaidi ya asiyetumia.

3. Asibebe zaidi ya rafiki mmoja.

4. Gari liwe nyumbani kabla ya saa tatu usiku.

5. Pombe hapana. Si kidogo, si bia moja.

6. Akikwama, kwa sababu ya pombe, usingizi, mvua au hofu, apige simu nyumbani saa yoyote. Atafuatwa, na hatagombezwa usiku huo.

Sharti la sita ni lako wewe mzazi, nalo ndilo gumu kuliko yote. Mtoto akikupigia saa nane usiku, utaamka na hasira. Meza hasira. Wapo wazazi ambao wangetoa shamba lote ili wapigiwe simu hiyo.

IKITOKEA AJALI

Kabla hatujaagana, mfundishe haya machache. Akikuta ajali au akiipata, azime injini, awashe taa za hatari, atoke upande ulio salama. Apige 999 au 112. Aliyeumia asivutwe wala kukalishwa, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine, kwa maana shingo iliyovunjika huharibika zaidi ikitikiswa. Damu inayotoka kwa wingi ibanwe kwa nguvu na kitambaa safi, bila kuachia. Asimpe majeruhi maji wala chai.

Na tangi la mafuta likipinduka, aondoke yeye na awaondoe wengine. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan, tangi lilianguka, watu wakaja na mitungi kuteka petroli, moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wengi waliofika hapo hawakuwa wasafiri. Walikuwa majirani.

JIPIME

Msomaji, jiulize maswali haya, ujibu kwa ukweli:

Je, mwanangu amewahi kuendesha katika mvua nikiwa kando yake? Usiku? Kwenye mteremko mrefu?

Je, macho yake yalipimwa lini?

Je, akikwama usiku, atanipigia mimi au ataogopa?

Je, nilipoendesha mara ya mwisho, simu yangu ilikuwa wapi?

Kama umekosa jibu zuri kwa swali hata moja, usiudhike. Umeshajua pa kuanzia kesho. Binti yangu sasa anakwenda hadi Eldoret na kurudi. Hunipigia simu kabla ya kuondoka na baada ya kufika, kamwe si njiani. Naye akinibeba mimi, akiona ninakanyaga breki isiyokuwepo chini ya miguu yangu, huniambia kwa sauti ya kawaida: "Ngoja." Nami nangoja.